Mzizimo wa Ulimwengu, si "Kifo cha Joto"

Mzizimo wa ulimwengu ni hali ya mwisho ambapo nishati imeenea sawasawa kila mahali, hakuna penye joto kupita pengine, na kwa hiyo hakuna kazi inayoweza kufanyika tena. Chimbuko la wazo hili ni maandishi ya William Thomson, baadaye Lord Kelvin, ya mwaka 1852. Hermann von Helmholtz akaliendeleza mwaka 1854. Wapo wanaoliita kwa Kiswahili "kifo cha joto". Istilahi hiyo ni mbovu na haistahili kufundishwa.

Kosa limeletwa na tafsiri ya neno kwa neno. Kijerumani husema Wärmetod, "joto" na "kifo" vikigandishwa bila kiungo. Kiswahili hudai "-a" unganifu, nayo hubeba maana. Kifo cha njaa ni kufa kwa sababu ya njaa. Kifo cha mzee ni mzee mwenyewe kufa. Mwanafunzi atafahamu ama ulimwengu umeuawa na joto, ama joto limekufa. Yote mawili ni uongo. Chai iliyosahauliwa mezani hupoa hadi ilingane na chumba; joto lake halikufa, limetawanyika hewani, ila halirudi lenyewe kuichemsha. Wanakamati wanaopitisha istilahi huku macho yao yako kwenye faharasa za kigeni wangeitazama chai hiyo, kosa lisingefika darasani.

"Mzizimo" limetokana na kitenzi "zizima", ambacho hubeba ubaridi na utulivu kwa pamoja. Maji ya mtungini huzizima. Mji uliofiwa huzizima, shughuli zikasimama. Umbo lake ni lile la mzunguko, msuguano na mlipuko, hivyo Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu miaka bilioni 13.8 iliyopita unapata mwenzake. Wanaopendekeza "mpoo" wanasahau kwamba kupoa ni kupungua joto tu. Hakusemi lolote kuhusu kusimama kwa kazi. Wanaohofia mkanganyiko na Mzizima, jina la kale la Dar es Salaam, hawana hoja: mchezo na mcheza havijawahi kumchanganya mtu. Kuunda istilahi kwa makini si jambo geni katika taaluma hii. Rudolf Clausius naye hakuokota neno: mwaka 1865 aliunda "entropia", jina la kipimo cha kutawanyika kwa nishati, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgeuko, akalifananisha kwa makusudi na jina la nishati.

Katika matumizi: ulimwengu utazizima, nadharia ya mzizimo, hali ya mzizimo.

Uchunguzi wa nyota zilizolipuka, uliotangazwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, jambo linaloutia nguvu mzizimo kuliko msinyao, yaani ulimwengu kusinyaa tena. Tayari mnururisho uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu umepoa hadi kelvini 2.7 hivi. Hufa kilicho hai, ulimwengu utazizima.