Shule ya Kata Huhukumiwa kwa Walioondoka

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka uliotangulia, waandishi wa habari waliozoea kunukuu majina ya shule kumi bora walirudi ofisini mikono mitupu. Athumani Amasi, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Katibu Mtendaji, alieleza kwamba utaratibu wa kutangaza shule bora na wanafunzi bora hauna tija, na kwamba Baraza limeuacha.

Wanataaluma wengi wa elimu waliupokea uamuzi huo kwa furaha. Hoja yao inafahamika: orodha ilizipamba shule zinazochuja wanafunzi mlangoni, ikawa tangazo la bure kwa wamiliki wake, na ikazipaka matope shule za kata mbele ya jamii zilizozijenga. Makala hii inaikubali sehemu ya kwanza ya hoja hiyo na kuikataa ya mwisho. Shule ya kata haikupakwa matope na orodha. Ilishapakwa kabla haijawa na matokeo ya kuorodheshwa.

Historia ya shule za kata, yaani sekondari za serikali zilizojengwa na wananchi katika kata zao, ni fupi. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004, sekondari za serikali ziliongezeka kutoka 828 mwaka huo hadi 3,283 mwaka 2009, na wanafunzi wa sekondari zote, za serikali na za binafsi, wakaongezeka kutoka 432,599 hadi 1,466,402. Edward Lowassa, alipokuwa Waziri Mkuu, aliusukuma ujenzi kwa mkono mzito. Wananchi walisomba mchanga na mawe, wakatoa michango kwa hiari na kwa kufuatwa na mgambo. Madarasa yakasimama. Walimu hawakuwepo. Wahitimu wa Kidato cha Sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha, na mtaani wakabatizwa "voda fasta", jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Shule zenyewe ziliitwa "yeboyebo", kama vile viatu vya plastiki vya bei chee. Shule iliyofunguliwa mwaka 2006 ilitoa watahiniwa wake wa kwanza wa Kidato cha Nne mwaka 2009. Jina la kejeli halikusubiri wafanye mtihani.

Takwimu zilikuja baadaye, na zilikuja kwa kishindo. Katika matokeo ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, takribani watahiniwa sita kati ya kila kumi walipata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na bado hakuna mzazi aliyesahau tangazo la kwanza. Ni kweli, basi, kwamba mtihani uliitia nguvu hukumu ya jamii. Hukumu yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imeshatolewa.

Jamii ilikuwa ikihukumu nini, ikiwa si matokeo? Jibu la kawaida ni kwamba ilitazama vitu vinavyoonekana: walimu wachache, hakuna maabara, hakuna maktaba, sakafu ya vumbi. Kama ni hivyo, hukumu ingepaswa kubadilika vitu hivyo vilipobadilika. Vimebadilika, walau kwa sehemu. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Januari 2016 ada ya shule za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, ikaondolewa. Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa wakati wa UVIKO-19, wa shilingi trilioni 1.3, ikaenda kwenye madarasa 12,000 ya sekondari. Katika utafiti wa maoni wa Twaweza wa mwaka 2017, kama nusu ya waliohojiwa walisema ubora wa elimu umepanda tangu ada iondolewe. Lakini mzazi huyohuyo anayeisifu sera, mwanawe akifaulu vizuri darasa la saba, huomba Mungu asipangiwe shule ya kata.

Fumbo hilo linafumbuka ukitazama jinsi wanafunzi wanavyopangwa. Wenye alama za juu kabisa hupelekwa shule za vipaji maalumu: Kibaha, Mzumbe, Ilboru na Tabora Wavulana kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana kwa wasichana. Wanaofuata hupata shule za ufundi na za bweni. Wazazi wenye uwezo huwatoa wengine na kuwapeleka shule za binafsi, ambazo nazo zina usaili wake. Waliobaki ndio shule ya kata. Jirani anapoiona shule hiyo haimwoni mwalimu wa hisabati akifundisha, maana hajawahi kuingia darasani. Anachokiona ni nani amepanda basi kwenda bweni na nani anatembea kwa miguu kwenda shule ya hapahapa. Hukumu yake ni hesabu sahihi ya walioondoka, iliyogeuzwa kimakosa kuwa hesabu ya ufundishaji.

Ushahidi mzito zaidi wa dai hili unatoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2014 Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti kuhusu shule za kitaifa za Kenya, zile ambazo kwa miongo mingi mzazi wa Kenya amezihesabu kuwa kilele. Swali lao lilikuwa rahisi: mwanafunzi wa shule ya kitaifa anafaulu kwa sababu ya shule, au alikuja akiwa na uwezo huo tangu shule ya msingi? Kumlinganisha na mwanafunzi wa kawaida hakusaidii, kwa kuwa wanatofautiana tangu mlangoni. Watafiti hao wakawatafuta watahiniwa waliosimama pande mbili za mstari wa kuchaguliwa, mmoja akiwa amepita kwa alama chache na mwenzake amekosa kwa alama chache. Nafasi ziligawiwa kwa mgao wa wilaya, hivyo mstari haukuwa mmoja nchi nzima, jambo lililowapa mistari mingi ya kulinganisha. Watoto hawa wawili, kwa uwezo, ni pacha. Mmoja anapata wenzake wenye akili zaidi, vifaa zaidi na jina linalofungua milango. Mwingine anakwenda shule ya ngazi ya chini yake.

Miaka minne baadaye, katika mtihani wa kumaliza sekondari, pengo kati yao halikuonekana kwa kiasi cha kutetea sifa ya shule hizo. Ushahidi kwamba shule ya kitaifa iliwaongezea alama ulikuwa hafifu mno. Fahari ya shule hizo, kwa kipimo cha alama, ilikuwa zaidi fahari ya uchujaji.

Pingamizi liko wazi. Mwanafunzi aliyeukosa mstari wa Kenya hakuangukia shule isiyo na mwalimu wa fizikia. Aliangukia shule nzuri ya daraja la pili. Utafiti unasema jambo kuhusu kilele, hausemi jambo lilelile kuhusu sakafu. Zaidi ya hayo, tangu makala ya Stephen Heyneman na William Loxley ya mwaka 1983, inajulikana kwamba katika nchi maskini ubora wa shule una uzito mkubwa kuliko katika nchi tajiri. Pingamizi hili lina nguvu, lakini halimwokoi anayetumia wastani wa matokeo kuihukumu shule ya kata. Kama ubora wa shule una uzito mkubwa, ndivyo inavyozidi kuwa kosa kuupima kwa kipimo kilichochanganya kazi ya mwalimu na alama za darasa la saba.

Pingamizi la pili, kwamba mzazi ana sababu nyingine za kuikimbia shule ya kata, halihitaji kujibiwa sana kwa kuwa ni kweli. Binti anayetembea kilomita nyingi, au anayepangiwa chumba cha geto karibu na shule bila mtu mzima wa kumwangalia, yuko hatarini, na mzazi anayeliita hilo suala la ubora hajakosea. Ndiyo maana mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, umeweka umbali katikati ya malengo yake na kupanga kujenga shule mpya za kata zilizo karibu na makazi.

Lakini mradi huohuo ulipanga kujenga pia shule 26 za bweni za sayansi za wasichana, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara. Hakuna wa kulipinga jambo hilo kwa nia yake. Hata hivyo, ikiwa zitachukua wasichana wenye alama nzuri zaidi wa mkoa, wastani wa shule za kata utashuka pasipo mwalimu hata mmoja kulegea, na jirani atasema, kama kawaida yake, kwamba shule imeshuka.

Kufuta orodha, kwa hiyo, kumeacha kipimo cha mtaani kikiwa peke yake. Tena matokeo ya kila shule bado yanawekwa hadharani, na mwenye simu hupanga shule kumi bora zake kabla ya chai ya jioni. Kurudisha orodha ya zamani nako si dawa. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza shule za msingi za Tanzania zilizopangwa hadharani kiwilaya chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, wakakuta shule za mkiani zilipandisha ufaulu, na papo hapo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani. Mkuu wa shule hakuwa na haja ya kuagizwa. Alijua nani akikosekana wastani utapanda.

Kinachofaa kuchapishwa ni mwendo. NECTA ina alama za Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili na zile za Kidato cha Nne za mtoto yuleyule. Kila shule inaweza kuonyeshwa imewasogeza wapi wanafunzi wake ikilinganishwa na shule nyingine zilizoanza na wanafunzi wa alama kama zao, huku kando ikiandikwa idadi ya walioandikishwa Kidato cha Kwanza na idadi ya waliofika mtihani wa mwisho, ili ujanja wa kuwaficha wanyonge usilipe. Haihitaji mkopo mpya, wala mtihani mpya. Inahitaji halmashauri zikubali kwamba baadhi ya shule zinazosifiwa katika vikao vyao zitaonekana hazifundishi kitu, na wamiliki wa shule za binafsi, ambao hawakuwahi kuilalamikia orodha ya zamani, bila shaka ndio watakaokuwa wa kwanza kudai kwamba hii mpya haina tija.