Matundu yaliyopotea kwenye laptopu

Mwaka 1987 IBM ilileta VGA, tundu la pini 15 la kupeleka picha kwenye skrini. Likadumu miaka mingi. Mwaka 2015 Apple ikatoa MacBook yenye matundu mawili tu: moja la USB-C, jingine la hedifoni. Sifa ikawa wembamba. Mafaili, tukaambiwa, yatakaa kwenye "wingu".

Sasa ilete Sumbawanga, mbele ya projekta ya zamani ya VGA. Bila adapta, hakuna somo. Na wingu lenyewe halifunguki bila bando. Yaani gharama haikuondoka, imehamia mfukoni kwako.

Sumbawanga, wanasema wazee, maana yake ni "tupa uchawi". Basi ukisikia neno tamu dukani, igeuze laptopu kwanza, uhesabu matundu.