Uzazi baada ya miaka 40: umri wa mama na umri wa yai

Tarehe 29 Novemba 2023, Bi. Safina Namukwaya wa Masaka, Uganda, mwenye umri wa miaka 70, alijifungua pacha kwa upasuaji mjini Kampala, mvulana na msichana, katika Women's Hospital International and Fertility Centre. Mwaka 2020 alikuwa amekwisha kujifungua mtoto wa kike. Habari zake zilizunguka dunia nzima.

Kwa mkaazi wa Chakol, eneo la Teso lililo kati ya Malaba na Busia, habari hii ni ya jirani. Kutoka mpaka wa Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200, ilhali Nairobi ni zaidi ya 400. Na sisi wa Pwani hatuko mbali na njia hiyo, maana malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Uganda hupita hapo hapo. Mwanamke aliyevuka miaka 40 bila mtoto, awe Chakol au Kisauni, ana haki ya kuuliza: ikiwa wa miaka 70 amepata, na mimi je?

Jibu limo katika jambo ambalo vichwa vya habari huliacha nyuma, nalo ni yai lilikuwa la nani. Daktari wake, Edward Tamale Sali, alieleza kwamba yai lilichangiwa na mwanamke mwingine, na mbegu zilikuwa za mwenzi wake Bi. Safina.

Yai huzeeka kabla ya mji wa mimba

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kama milioni moja hadi mbili. Akibaleghe hubaki laki tatu au nne, na hedhi ikikoma husalia kama elfu moja tu. Hakuna chakula, dawa ya miti wala tembe inayotengeneza mengine.

Idadi si tatizo peke yake. Mayai yaliyobaki yanakuwa na umri wa mwenyewe, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo kasoro za kromosomu zinavyozidi. Ndiyo sababu mimba huwa ngumu kushika na rahisi kuharibika. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down ni kama mmoja kwa 350 mama akiwa na miaka 35, mmoja kwa 100 akiwa na 40, na mmoja kwa 30 akiwa na 45.

Mji wa mimba hauzeeki kwa kasi hiyo. Hata hedhi ikiwa imekoma, ukiandaliwa kwa homoni unaweza kubeba kiinitete kilichotokana na yai la mwanamke kijana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Bi. Safina, na kwa Erramatti Mangayamma wa India aliyezaa pacha mwaka 2019 akiwa amevuka miaka 70.

Matibabu yenyewe

Utungishaji mimba nje ya mwili, ambao hospitalini huitwa IVF, ulileta mtoto wa kwanza duniani, Louise Brown, huko Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Uganda ilipata wake wa kwanza mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006.

Mwanamke hudungwa sindano za homoni kwa siku kama kumi ili mayai kadhaa yapevuke pamoja. Mayai hayo huvutwa kwa sindano nyembamba, yakakutanishwa na mbegu za mume katika maabara, kisha kiinitete kikarudishwa katika mji wa mimba baada ya siku tatu hadi tano. Baada ya wiki mbili hupimwa kama mimba imeshika. Hiyo ni duru moja. Gharama yake Kenya ni shilingi laki kadhaa, na wengi huhitaji zaidi ya duru moja.

Takwimu zasemaje

Uingereza ina mamlaka ya serikali, HFEA, inayokusanya matokeo ya kliniki zote, kwa hiyo takwimu zake ni za kutegemewa. Kwa wanawake walio chini ya miaka 35 wanaotumia mayai yao, takriban kiinitete kimoja katika kila vitatu vinavyopandikizwa huleta mtoto. Kwa walio na miaka 43 na 44, ni kama 5 tu katika 100. Lakini wakitumia mayai ya kuchangiwa, matokeo hurudi kuwa karibu 30 katika 100, hata kwa waliovuka 40.

Kwa hiyo mtu akisikia kliniki ikijisifu kwa "mafanikio makubwa kwa kina mama wa miaka 45", ajue kwamba mara nyingi ni mayai ya wasichana wa miaka ishirini na kitu.

Hatari kwa mama

Yai la kijana haliufanyi moyo wa mama kuwa kijana. Mimba ya uzeeni huongeza shinikizo la damu, kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, kuvuja damu na upasuaji. Mimba ya pacha huzidisha yote hayo, na watoto mara nyingi huja kabla ya wakati, kama walivyokuja wa Bi. Safina.

Lipo pia suala la malezi. María del Carmen Bousada wa Uhispania alizaa pacha mwaka 2006, karibu atimize miaka 67, baada ya kuidanganya kliniki ya Marekani kuhusu umri wake. Alifariki mwaka 2009, watoto wakiwa na miaka miwili. India iliweka sheria mwaka 2021 kwamba mwanamke aliyepita miaka 50 asipewe matibabu haya.

Dini na sheria

Waislamu tunazijua habari za Bi. Sara na za mke wa Nabii Zakariya, na hatukati tamaa na rehema za Mola. Lakini kuhusu matibabu haya wanazuoni wameweka mpaka. Fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980, na uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi uliotolewa Amman mwaka 1986, ziliruhusu yai la mke na mbegu za mumewe ndani ya ndoa, na zikakataza kuingiza mtu wa tatu, kwa sababu ya kulinda nasaba. Kwa Mashia, Ayatollah Khamenei wa Iran aliruhusu yai la kuchangiwa mwaka 1999 kwa masharti. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi upande wa Teso, linakataa IVF yenyewe.

Maana yake ni kwamba mwanamke wa Kisunni anayefuata fatwa hizo hana njia ya Bi. Safina. Kikomo chake ni umri wa yai lake mwenyewe.

Kwa upande wa sheria, Kenya ililetewa mswada wa mwaka 2022 na Mbunge Millie Odhiambo. Uganda ilipata wa mwaka 2023 kutoka kwa Sarah Opendi, wakati huo mbunge wa wanawake wa Tororo, wilaya inayotazamana na Malaba.

Aanze lini, na wapi

Ngojangoja huumiza matumbo. Mke akiwa chini ya miaka 35, wamwone daktari baada ya mwaka mmoja wa kutafuta mtoto. Kuanzia 35, wasipitishe miezi sita. Akifikisha 40, waende mara moja.

Waende wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja katika kila sita hukutwa na tatizo la uzazi maishani mwake, na katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mume ana sehemu yake. Kipimo cha mbegu ni rahisi na cha bei nafuu kuliko vyote, basi kitangulie. Kwetu Afrika, mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zinaa au baada ya uzazi ni sababu kubwa pia.

Hospitali ya kaunti yenye daktari wa wanawake yatosha kwa kuanzia, Busia au Mombasa. Anayelazimika kuvuka kwenda Kampala anaweza kupita mpakani kwa kitambulisho cha taifa. Kabla ya kulipa popote, aulize haya na ajibiwe kwa maandishi:

1. Kwa wanawake wa umri wangu wanaotumia mayai yao wenyewe, wangapi katika 100 wamerudi nyumbani na mtoto? Wengine huhesabu mimba zilizoshika tu.
2. Yai na mbegu zitakazotumika ni za nani, na nani anazilinda zisichanganyike?
3. Mtaweka viinitete vingapi? Kimoja ni salama zaidi.
4. Gharama yote ni kiasi gani, dawa zikiwemo, na duru ikishindikana tutalipa nini tena?

Kliniki ikikataa kujibu la kwanza au la pili, fedha zibaki mfukoni na safari iendelee kwingine.