Zona, mkanda wa moto: ugonjwa unaopona ngozini na kubaki mishipani

Swali hili linarudi kila mara: vipele vilikauka zamani, kovu peke yake ndilo limebaki, kwa nini basi ubavu bado unaungua usiku kama mtu ameweka makaa? Wengine wanasema ni karuho, wengine wanasema jirani amefanya kitu. Jibu lipo, lakini lilichukua watu karibu miaka elfu mbili kulipata, na sehemu moja ya safari hiyo ilipita hapa kwetu Congo.

Tuanze na jina. Sisi tunasema zona, neno tulilolipata kwa Kifaransa, na Wafaransa walilipata kwa Wagiriki wa kale, ambao kwao lilikuwa na maana ya mkanda. Tanzania na Kenya wanauita mkanda wa jeshi. Waarabu wanasema mkanda wa moto. Wanorwei wanasema moto wa jehanamu, na sehemu nyingi za Amerika ya Kusini wanasema nyoka mdogo. Hata jina herpes, ambalo waganga wanatumia kwa jamaa nzima ya virusi hivi, linatoka kwenye neno la Kigiriki la kutambaa. Hawa wote hawakukaa kikao kimoja kuchagua jina. Maumivu ni yale yale, na mkanda ni ule ule, upande mmoja wa mwili.

Mwandishi Mroma Plinius, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba mkanda huo unaua ukizunguka kiuno na ncha zake zikikutana. Imani hiyo ungali unaisikia kwetu, na mama mzee anaweza kulala bila kula akihesabu vidole vilivyobaki kati ya ncha mbili za vipele. Imani hiyo si ya kweli. Karibu kila mara zona husimama katikati ya mgongo na katikati ya kifua, kwa sababu ambayo ilijulikana polepole sana.

Mwaka 1831 mganga Mwingereza Richard Bright alidhani kwamba chanzo hakiko ngozini bali kwenye mishipa ya fahamu. Miaka ya 1860, huko Berlin, von Bärensprung alifungua maiti ya mgonjwa wa zona na kukuta uvimbe kwenye kifundo cha mshipa kando ya uti wa mgongo. Halafu mwaka 1900 Mwingereza Henry Head na Mwaustralia A. W. Campbell walichapisha uchunguzi wa maiti 21. Walionyesha kwamba kila kifundo kina kipande chake cha ngozi, upande wake, kama vile kila chifu ana kijiji chake. Kifundo kimoja kikishikwa, kijiji kimoja ndicho kinaungua. (Huyu Head alikuwa mtu wa ajabu: mwaka 1903 alikubali mshipa wa mkono wake mwenyewe ukatwe ili ajifunze namna hisia zinavyorudi.)

Lakini uvimbe ulitoka wapi? Mwishoni mwa karne ya 19, mganga wa watoto huko Budapest, János Bókay, aliona jambo: mtu mzima akipata zona nyumbani, baada ya majuma mawili hivi watoto wa nyumba hiyo wanapata tetekuwanga, ile wengi wetu tunaita varisele. Miaka ya 1950 Mmarekani Thomas Weller alifaulu kukuza virusi kutoka magonjwa yote mawili, na vikaonekana ni vile vile.

Aliyeunganisha yote alikuwa mganga wa kawaida wa mji mdogo, si profesa wa chuo kikubwa, na mimi napenda sehemu hii kuliko zote. Edgar Hope-Simpson wa Cirencester, Uingereza, aliandika kila mgonjwa wa zona aliyemwona kwa miaka 16. Alipata 192. Mwaka 1965 akasema hivi: mtoto akipona varisele, virusi havitoki mwilini. Vinaingia kwenye vifundo vya mishipa na kulala humo, pengine miaka 50. Kinga ya mwili ikipungua, kwa uzee au kwa ugonjwa, vinaamka na kushuka kwenye mshipa mmoja hadi ngozini. Ndiyo maana zona haiambukizwi kutoka kwa mwenye zona: inatoka ndani yako mwenyewe. Maji ya vipele, ndiyo, yanaweza kumpa varisele mtoto au mtu mzima ambaye hajawahi kuipata. Vifunike kwa kitambaa safi, na usimkaribie mtoto mchanga, mama mwenye mimba ambaye hajawahi kuugua varisele, wala mtu mwenye kinga dhaifu, mpaka vikauke.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1984 ulianza Projet SIDA mjini Kinshasa, kazi ya pamoja ya Wakongo, Wamarekani na Wabelgiji, katika hospitali iliyoitwa wakati huo Mama Yemo. Waganga wake waliona vijana wenye zona, ugonjwa ambao vitabu vya Ulaya viliuita wa wazee. Walipowapima, wengi walikuwa na virusi vya SIDA. Mwaka 1988 wakachapisha kwamba kwa Mwafrika zona inaweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi hayo, na mwaka huo huo watafiti waliofanya kazi Rwanda wakasema jambo la namna hiyo hiyo. Ujuzi huo ulisaidia dunia nzima. Projet SIDA wenyewe ulikufa baada ya uporaji wa Septemba 1991.

Lakini ujuzi huo ulishuka mtaani ukiwa umekatwa nusu. Nusu iliyofika ilisema: mwenye zona ana SIDA. Kwa hiyo mtu anaficha vipele chini ya kitenge, anapaka dawa ya meno, na siku zinapita. Ukweli ni huu: zona ni sababu nzuri ya kupimwa, hasa kwa kijana, na si hukumu. Mzee wa miaka 70 anaweza kuipata kwa umri wake tu. Na aliyepimwa akakutwa na virusi, leo kuna dawa, tofauti na mwaka 1988. Tangu mpox ilipoenea Kivu, shida imeongezeka: katika kambi, mwenye malengelenge anatengwa kabla hata muuguzi hajamwangalia. Vipele vya zona kwa kawaida vinakaa upande mmoja, kwenye mstari mmoja, na mara nyingi maumivu huanza siku chache kabla yake. Hata hivyo ni muuguzi wa kuamua, si jirani wa hema.

Siku hizo zinazopita zina bei. Gertrude Elion, mwanamke Mmarekani ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, aliongoza kundi lililoleta asiklovira, dawa inayozuia virusi hivi kujizalisha bila kuharibu chembe nzima za mwili. Ilitangazwa miaka ya 1970, na mwaka 1988 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Kwa zona, mtu mzima hupewa miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba, na inafaa ianze ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Ni siku tatu tu. Aliye mjini anaweza kuzipoteza kwa aibu, na aliyekimbia vita kutoka Masisi anazimaliza barabarani, na hakuna wa kumlaumu. Akifika hata siku ya tano au ya sita na vipele vipya bado vinatoka, au kinga yake ni dhaifu, aende tu: dawa bado inaweza kutolewa.

Kuna mahali ambapo hakuna kungoja hata saa moja. Vipele vikiwa kwenye paji la uso na hasa kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini. Alama hiyo iliandikwa na Jonathan Hutchinson wa London karne ya 19, na bado ndiyo tunayoitumia.

Na yule ambaye ngozi imepona, miezi mitatu imepita, bado anaungua? Mshipa wenyewe umejeruhiwa, unatuma habari ya moto ambao haupo. Parasetamoli mara nyingi haitoshi. Mwaka 1982 waganga wa Canada walijaribu amitriptilini, dawa ya huzuni nzito ya tangu miaka ya 1960: kati ya wagonjwa 24, 16 walipata nafuu kubwa, na wengi wao hali yao ya moyo haikubadilika. Maana yake dawa ilituliza mshipa wenyewe. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaorudi kutoka kituo cha afya wakiitupa: “Wamenipa dawa ya wazimu.” Hapana, baba. Kipimo chake ni kidogo, pengine miligramu 10 au 25 usiku, na kinapandishwa polepole na muuguzi. Inaleta usingizi na kukausha mdomo, na nafuu inaweza kuchelewa majuma kadhaa. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme kwanza. Kwa upande wa nguo, pamba laini iliyobana kidogo inavumilika kuliko shati linalopepea, kwa sababu mguso mwepesi ndio unaochoma zaidi.

Chanjo ipo pia. Mjapani Michiaki Takahashi alitengeneza ile ya varisele mwaka 1974, baada ya mwanawe kuugua vibaya, na chanjo ya zona yenyewe ikaidhinishwa Marekani mwaka 2006, nyingine yenye nguvu zaidi mwaka 2017. Katika chanjo za kawaida za serikali yetu hazimo, wala ya watoto wala ya wazee.