Mary McLeod Bethune

Mary Jane McLeod Bethune (karibu na Mayesville, South Carolina, 10 Julai 1875 - Daytona Beach, Florida, 18 Mei 1955) alikuwa mwalimu, muumini wa Kanisa la Methodisti na mtetezi wa haki za watu weusi nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa shule ya wasichana aliyoifungua mwaka 1904 akiwa na dola moja na nusu mfukoni, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman.

Maisha ya awali

Mary alikuwa mtoto wa 15 kati ya watoto 17 wa Samuel na Patsy McLeod. Wazazi wake na wengi wa ndugu zake wakubwa walizaliwa utumwani; yeye alizaliwa miaka kumi baada ya utumwa kukomeshwa. Mama yake aliendelea kuwafanyia kazi waliokuwa mabwana zake hadi familia ilipoweza kununua ekari 5 za ardhi na kulima pamba yake yenyewe. Watoto nao walifanya kazi shambani.

Bethune alisimulia mara nyingi kwamba siku moja alimfuata mama yake kazini kwa Wazungu, akashika kitabu kilichokuwa mahali wanapochezea watoto wa nyumba hiyo. Binti mmoja wa pale alimwambia akirudishe, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Tangu hapo alitamani kusoma kuliko kitu kingine chochote.

Nafasi ilipatikana alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, Wapresbiteri walipofungua shule ya misheni Mayesville chini ya mwalimu mweusi, Emma Jane Wilson. Nyumbani aliyeweza kwenda alikuwa Mary peke yake. Alitembea kilomita kadhaa kila siku, na jioni aliwafundisha wazazi na ndugu zake yale aliyojifunza mchana. Kazi yake ya ualimu ilianzia hapo, kabla hajapata cheti chochote.

Masomo na ombi lililokataliwa

Mwaka 1888 alikwenda kusoma katika Seminari ya Scotia mjini Concord, North Carolina. Ada ililipwa na Mary Crissman, mshonaji wa nguo kutoka Denver, aliyeweka akiba ya kumsomesha mtoto mmoja asiyemfahamu. Alipomaliza mwaka 1894 alijiunga na chuo cha mhubiri Dwight Moody mjini Chicago. Nia yake ilikuwa kuwa mmisionari barani Afrika.

Baada ya masomo hayo aliomba kutumwa na bodi ya misheni ya Wapresbiteri. Alijibiwa kwamba hakuna nafasi Afrika kwa wamisionari weusi. Baadaye alisema hilo ndilo lililomvunja moyo kuliko yote maishani mwake. Alirudi kusini akafundisha Augusta, Georgia, katika shule ya Lucy Craft Laney, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Kwa Laney alijifunza namna ya kuendesha shule yenye mahitaji mengi na fedha kidogo, na akafikia uamuzi kwamba watoto weusi wa Marekani walimhitaji mwalimu sawasawa na wale wa Afrika.

Ndoa

Mwaka 1898 aliolewa na Albertus Bethune, na mwaka uliofuata akajifungua mtoto wao wa pekee, Albert. Familia ilihamia Palatka, Florida, ambako Mary alifundisha katika shule ya misheni. Ndoa haikudumu: mume aliondoka mwaka 1907 akarudi South Carolina, akafariki mwaka 1918. Hawakuwahi kutalikiana. Mary alimlea mwanawe huku akijenga shule, na miaka ya baadaye alimchukua mjukuu wake, Albert mdogo, akamlea kama mtoto wake wa kuzaa.

Shule ya Daytona

Tarehe 3 Oktoba 1904 Bethune alifungua shule katika nyumba ya kupanga mjini Daytona. Wanafunzi walikuwa wasichana watano pamoja na mwanawe. Masanduku yaliyotupwa yalitumika kama madawati, vijiti vilivyounguzwa vikawa kalamu, na wino ulikamuliwa kutoka matunda ya porini. Ili kulipa kodi, Bethune na wanafunzi walipika pai za viazi vitamu na kuwauzia vibarua wa ujenzi, wakaimba pia katika hoteli za watalii. Siku ilianza alfajiri kwa somo la Biblia. Kisha yalifuata masomo ya darasani, upishi na ushonaji.

Idadi ya wanafunzi ilipopanda alinunua eneo la jalala la mji, ambalo watu waliliita Shimo la Jehanamu, kwa malipo ya kwanza ya dola 5. Hapo lilijengwa jengo la Faith Hall, yaani Ukumbi wa Imani, lililofunguliwa mwaka 1907. Kati ya waliochanga walikuwemo matajiri waliokuja Florida kukwepa baridi, kama James Gamble wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble na Thomas White wa kiwanda cha cherehani. Jumapili alasiri shule ilifanya mikutano ya ibada na nyimbo iliyo wazi kwa wote. Weusi na Wazungu walikaa humo bila kutengwa, jambo ambalo lilikuwa nadra sana Florida wakati huo.

Mwaka 1911 alifungua hospitali ndogo karibu na shule, baada ya mwanafunzi wake mgonjwa kulazwa kwenye baraza ya nyuma ya hospitali ya Wazungu.

Wanawake walipopata haki ya kupiga kura mwaka 1920, Bethune aliwafundisha watu weusi kusoma na kuwasaidia kupata fedha za kodi ya kupigia kura. Usiku wa kuamkia uchaguzi watu wa Ku Klux Klan waliandamana hadi shuleni wakiwa wamefunika nyuso. Inasimuliwa kwamba aliagiza taa ziwashwe na wasichana waimbe nyimbo za dini mpaka wavamizi walipoondoka. Kesho yake alikwenda kupiga kura.

Mwaka 1923 yalifikiwa makubaliano ya kuunganisha shule na Taasisi ya Cookman ya Jacksonville, chini ya Kanisa la Methodisti. Bethune alikuwa Mmethodisti mwaminifu, lakini hakunyamazia makosa ya kanisa lake: alipinga mpango wa kuweka sharika za weusi katika jimbo la peke yao, mpango uliopitishwa hata hivyo mwaka 1939.

Kazi ya kitaifa

Mwaka 1935 alianzisha Baraza la Taifa la Wanawake Weusi. Mwaka uliofuata alianza kazi katika shirika la vijana la serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt, akasimamia misaada ya masomo na ajira kwa vijana weusi. Mwaka 1945 alihudhuria mkutano wa San Francisco ulioanzisha Umoja wa Mataifa, pamoja na W. E. B. Du Bois na Walter White.

Januari 1952, akiwa na umri wa miaka 76, aliiwakilisha Marekani kwenye sherehe za kuapishwa tena kwa Rais William Tubman wa Liberia. Hivyo alifika Afrika zaidi ya nusu karne baada ya bodi ya misheni kumkatalia.

Kifo na kumbukumbu

Alifariki nyumbani kwake kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa katika uwanja wa chuo. Mwaka 1974 sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya Lincoln, Washington. Mwaka 2022 nyingine ya marumaru iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani kuiwakilisha Florida, mahali palipokuwa na sanamu ya Edmund Kirby Smith, jenerali wa jeshi la majimbo yaliyopigana ili utumwa uendelee.