Papasi aliyemuua mchunguzi wake

Februari 27, 2025 ilitimia miaka 120 tangu daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton afie Kasongo, mashariki mwa Kongo. Alikwenda huko kuchunguza malale, akauawa na homa ya papasi.

Maumivu ya kung'atwa na kupe huyu wa vibandani David Livingstone alishayaandika mwaka 1857, na wenyeji walimjua zamani kabla yake. Kilichokosekana ni ushahidi wa darubini.

Mwishoni mwa 1904 Dutton na mwenzake Mkanada, John Lancelot Todd, wote wa chuo cha tiba ya tropiki cha Liverpool, walikuwa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Waliwaachia papasi wawang'ate tumbili, na damu ya tumbili ikajaa vijidudu vilivyojisokota kama springi. Kibaya zaidi, hata papasi wachanga waliotoka kwenye mayai ya mama mwenye vijidudu waliambukiza. Baadaye wachunguzi wenyewe wakaugua. Todd alipona.

Taarifa za chuo hicho cha Liverpool huwasifu sana watu wake, na hapo ndipo penye ubishi. Huko Uganda, watafiti Ross na Milne walikuwa wamekwisha kutangaza ugunduzi kama huo mwaka uleule wa 1904. Naye Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliviona vijidudu ndani ya mayai ya papasi. Lakini mwaka 1906 Wamarekani Novy na Knapp walikipa kidudu jina la Dutton, na mpaka leo kinaitwa Borrelia duttonii. Marehemu apewe haki yake, ila Ross na Milne walidhulumiwa.

Tiba ilikuja kuwa rahisi: penisilini au tetrasaiklini, huku mgonjwa akiangaliwa kwa karibu, maana saa chache baada ya dozi homa huweza kupanda ghafla.

Lakini katika kuutambua ugonjwa, leo tumerudi nyuma. Mvumi, Dodoma, watafiti wameukuta ugonjwa huu mara nyingi, na wajawazito na watoto ndio huumia zaidi. Lakini zahanati nyingi zimezoea kipimo cha haraka cha malaria, ambacho hakikioni kidudu hiki. Damu lazima ipakwe kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini homa ikiwa juu. Papasi naye hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo miaka kadhaa bila kunyonya damu, akitoka usiku. Chandarua humsaidia mwenye kitanda. Anayelala mkekani hana pa kukichomeka.