Vyombo vya muziki vya mtumba

Vyombo vya muziki vya mtumba ni ala na mitambo ya muziki iliyokwisha kutumiwa na mtu, bendi au taasisi nyingine kabla ya kuuzwa tena. Nchini Tanzania jina hilo linajumuisha magitaa, vinanda, amplifaya na spika, na tangu mwishoni mwa karne ya 20 pia dramu za umeme na pedali, yaani visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadili sauti ya gitaa. Makala hii inahusu hasa makundi hayo mawili ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yanayowatia wanunuzi hasara zaidi: gitaa lililopinda shingo huonekana kwa macho, lakini kisanduku kilichokufa ndani hufanana kabisa na kizima.

Asili ya jina

Leo neno mtumba humaanisha kitu chochote kilichotumika, hasa nguo. Maana yake ya zamani ni furushi, na hasa furushi la nguo au bidhaa lililofungwa kwa ajili ya mpagazi wa msafara. Katika karne ya 19 mitumba ya namna hiyo ilibebwa kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, na kutoka hapo kuelekea Ujiji au kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa takriban kilo 30. Majina ya baadhi ya kata za Tabora mjini bado yanakumbusha mji huo wa misafara. Mtendeni, kwa mfano, ni neno linalotokana na mtende.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo ukahama kutoka begani kwa mpagazi kwenda kwenye behewa, na baadaye kwenye buti la basi. Neno lenyewe lilibaki, na sasa dramu za umeme zilizofungwa kwenye maboksi mawili huitwa mtumba bila mtu kufikiria msafara.

Historia: mwenye vyombo na mwenye bendi

Bila kujua historia ya bendi ni vigumu kuelewa kwa nini biashara hii ni muhimu. Kwa miaka mingi wanamuziki wa dansi wa Tanzania hawakumiliki vyombo walivyopiga. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, chama, shirika la umma, jeshi au mfanyabiashara, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, hata kama hakujua kupiga noti moja. Mpiga solo hodari aliyegombana na uongozi aliondoka na kipaji chake tu. Gitaa lilibaki.

Tabora ilikuwa miongoni mwa miji yenye muziki wa dansi wenye nguvu. Hapo ndipo zilipotokea Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz iliyojulikana sana kwa sauti na tungo za Shem Karenga, hasa wimbo wa Dada Asha. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutoka Jimbo la Magharibi, walikotoka waanzilishi wake.

Mfano unaoeleweka kwa urahisi ni wa Mlimani Park. Bendi hiyo ilianza mwaka 1978 ikiwa chini ya shirika la usafiri na teksi, Tanzania Transport and Taxi Services. Shirika hilo lilipoingia kwenye matatizo, bendi ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park. Mwaka 1985 baadhi ya wanamuziki wake wakubwa, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, walihamia bendi ya Safari Sound iliyomilikiwa na mfanyabiashara Hugo Kisima. Katika hatua zote hizo swali la kwanza halikuwa nani anaimba, bali nani ana vyombo.

Kununua vyombo vipya kulikuwa kugumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na gitaa au amplifaya havikuwa mbele ya dawa, mafuta na vipuri kwenye foleni ya kibali. Amplifaya moja ilitengenezwa na kutengenezwa tena na mafundi redio hadi ndani yake kukawa na vipuri vya redio tatu. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti, ikawaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Kuanzia hapo bidhaa zilizotumika zilimiminika kutoka nje, kwanza nguo na magari, kisha vifaa vya umeme, na vyombo vya muziki vikawemo.

Badiliko kubwa liko hapa. Pedali inaingia mfukoni mwa koti, na dramu za umeme zinakunjwa zikaingia kwenye teksi. Kwa mara ya kwanza mpigaji wa kawaida aliweza kumiliki kazi yake mwenyewe, akaenda kupiga deiwaka kwenye bendi yoyote na kurudi nyumbani na kifaa chake. Kwaya za makanisa nazo, ambazo leo ni wanunuzi wakubwa kuliko bendi za dansi, ziliweza kuchanga na kununua bila kumsubiri mfadhili.

Dramu za umeme

Dramu za umeme zina sehemu mbili: sahani za kupigwa, na kisanduku cha sauti. Chini ya kila sahani kuna kihisi kidogo kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme hafifu. Umeme huo husafiri kwa waya hadi kwenye kisanduku, nacho hutoa sauti ya ngoma au matoazi iliyohifadhiwa ndani yake. Kampuni ya Simmons ya Uingereza ilizipa umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Roland ya Japani ilileta aina yake ya V-Drums mwaka 1997, yenye ngozi za wavu zinazokaribia mguso wa ngoma ya kawaida. Seti za Yamaha na Alesis pia huonekana sana katika soko la mtumba.

Sahani bila kisanduku ni karibu bure. Wauzaji wanaofahamu hilo huuza kisanduku peke yake kwa bei nzuri, kisha wakauza sahani kwa mtu asiyejua. Sehemu ya pili inayopotea mara kwa mara ni kebo: seti nyingi hutumia kebo moja nene yenye matawi mengi, na ikikosekana si rahisi kuipata hata Kariakoo.

Ukaguzi hufanywa kwa masikio. Kila sahani hupigwa polepole, halafu kwa nguvu, katikati na pembeni; sauti inapaswa kupanda pamoja na nguvu ya mkono. Pigo moja likitoa milio miwili, au sahani ya jirani ikalia bila kuguswa, huenda ni mipangilio tu na kisanduku kikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani tatizo likaisha. Sahani ikinyamaza, kwanza hubadilishwa waya na ile inayofanya kazi. Ikibaki kimya, kihisi kimekufa. Fundi mzuri anaweza kuweka kingine. Pedali ya matoazi ya mguu ndiyo huchakaa mapema zaidi na ndiyo hujaribiwa kwa uvivu zaidi. Tundu la spika za masikioni nalo linapaswa kutoa sauti pande zote mbili, kwa sababu kazi kuu ya dramu hizi nyumbani ni kumwezesha mtu kufanya mazoezi bila kumuudhi jirani.

Kanisani au ukumbini zinahitaji amplifaya na spika kubwa, gharama ambayo wengi huisahau. Umeme ukikatika katikati ya ibada, dramu za kawaida huendelea. Hizi hunyamaza pamoja na taa.

Pedali za gitaa

Pedali hukaa kati ya gitaa na amplifaya. Nyingine hukwaruza sauti, nyingine huirudia kama mwangwi, nyingine huifanya itetemeke au ilie kama mtu anayefungua na kufunga mdomo. Pedali za kukwaruza zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1962, na kampuni ya Boss ya Japani ilianza kutoa visanduku vyake vidogo vya chuma mwaka 1977. Vya Boss ni imara sana, na vilivyotengenezwa miaka 40 iliyopita bado vinafanya kazi. Vifaa vya Zoom na vya kampuni nyingine vinavyokusanya sauti nyingi katika kisanduku kimoja ni rahisi zaidi kwa bei, lakini vikiharibika ni vigumu kutengeneza.

Kasoro za kawaida ni ndogo: vifungo vya kuzungusha vinavyokoroma kwa vumbi, tundu la waya lililolegea, kiungio kilichokatika. Hizo ni sababu za kupunguza bei, si za kukataa kununua. Kasoro mbaya ni ya betri ya volti 9 iliyoachwa ndani kwa miaka ikavuja na kula shaba. Kifuniko cha betri kinapaswa kufunguliwa kabla ya pesa kutolewa. Katika pedali nyingi za betri, waya wa gitaa ukiwa umechomekwa pedali huwa imewashwa hata kama hakuna anayepiga. Asiyechomoa waya hukuta betri imekwisha asubuhi.

Umeme

Vifaa vingi vya mtumba havifi kwa uzee bali kwenye soketi, dakika ya kwanza. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni 120. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani ikichomekwa Tabora bila transfoma hupata volti mara 2.3 ya kiasi chake. Kwa kifaa chenye ukinzani usiobadilika, nguvu inayogeuka joto huongezeka kwa 2.3 mara 2.3, yaani zaidi ya mara 5. Fyuzi ikiwahi kukatika, mnunuzi amebahatika. Isipowahi, michango ya kwaya ya mwaka mzima huishia kuwa moshi.

Kwa amplifaya, dawa ni transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa wati nyingi kuliko zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Kwa pedali na visanduku vingi vya dramu hali ni rahisi zaidi: chenyewe hakiguswi na umeme wa ukutani, kinapokea volti chache kutoka kwenye adapta. Adapta ya Japani iwekwe kando na inunuliwe nyingine inayofaa. Adapta iliyoandikwa 100–240 haina tatizo popote.

Adapta mpya lazima ilingane na maandishi ya kwenye kifaa katika mambo manne. Volti ziwe zilezile. Miliampea ziwe sawa au zaidi, zikizidi hazidhuru. Ncha ya katikati iwe hasi au chanya kama mchoro unavyoonyesha. Pedali nyingi hutaka hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za redio. Na aina ya mkondo iwe ileile, mnyoofu au geu, kwa maana baadhi ya vifaa vya zamani vya Alesis na DigiTech hutumia mkondo geu wa volti 9, na adapta hiyo ikichomekwa kwenye pedali ya kawaida huweza kuiua. Chaja ya simu ina volti 5 na haifai hata kama ncha yake italazimishwa kuingia.

Soko na sheria

Bidhaa nyingi huingia kwa kontena kupitia bandari ya Dar es Salaam na kuuzwa Kariakoo, ambako mnunuzi hukutana na winga kabla ya kukutana na mwenye duka. Mikoani vyombo hupita zaidi mkono kwa mkono: bendi iliyovunjika huuza, kanisa lililonunua vipya huuzia kanisa dogo, mwanafunzi aliyehitimu humwachia mwenzake. Katika mkoa wa Tabora, ambako fedha za wakulima wengi hutegemea masoko ya tumbaku, msimu huamua pia nani ana uwezo wa kununua na lini.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata kanuni kwamba mtu hawezi kwa kawaida kuuza haki asiyokuwa nayo. Aliyenunua gitaa la wizi anaweza kunyang'anywa na asirudishiwe fedha isipokuwa na aliyemuuzia. Kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai. Kwa hiyo watu waangalifu huandika hati ya mauziano yenye namba ya kifaa na majina ya mashahidi, mara nyingi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mgogoro wa kawaida zaidi, hata hivyo, si wa mwizi bali wa mwanakikundi anayeuza chombo kilichonunuliwa kwa michango. Kwaya isiyo na daftari la mali haina ushahidi.

Vifaa vilivyokufa

Kisanduku kisichotengenezeka huuzwa kwa mafundi kwa ajili ya vipuri: vifungo, matundu, transfoma na vioo vya kuonyeshea. Fundi mmoja anaweza kufufua pedali mbili kwa kuua ya tatu. Kinachobaki kina risasi na metali nyingine zenye sumu, na tangu mwaka 2021 kanuni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinasimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki, zikitaka zikusanywe na kushughulikiwa na wenye vibali badala ya kuchomwa au kutupwa jalalani.